Manufaa ya Umma: Neno Lililohama Upande

Mwaka 1820, mjini Sydney, Edward Eagar alimfungulia Jaji Barron Field kesi ya kashfa. Eagar alikuwa wakili wa Ireland aliyepatikana na hatia ya kughushi, akasafirishwa hadi koloni la New South Wales, akasamehewa na gavana, akaanza maisha upya. Field hakujisumbua kubishana kama maneno aliyoshtakiwa nayo yalikuwa ya kweli au ya uongo. Alishika hoja nyingine kabisa: mtu aliyehukumiwa kwa kosa kubwa, kisha akasamehewa na gavana peke yake bila msamaha wenye muhuri mkuu wa mfalme kutoka London, hana haki ya kumshtaki mtu yeyote. Hoja hiyo aliitoa kwenye uamuzi wa mahakama ya Uingereza wa mwaka mmoja kabla, kesi ya Bullock dhidi ya Dodds. Shauri la Eagar likakwama, na taharuki ikaenea. Maelfu ya wafungwa walioachiwa, watu wenye mashamba, maduka na watoto, waligundua kwamba mbele ya sheria hawakuwa hata na jina la kupakwa matope. Mwaka uliofuata Eagar na daktari William Redfern, naye mfungwa wa zamani, walipanda meli kwenda London na ombi lao mkononi, na Bunge la Uingereza likaja kulinyoosha jambo hilo mwaka 1823.

Wanaoandika kuhusu sheria ya kashfa ya Australia hupenda kuanzia mwisho wa hadithi: Sydney inayopachikwa jina la mji mkuu wa kesi za kashfa duniani, waigizaji wanaolipwa mamilioni ya dola, mawaziri wanaowaburuta wahariri mahakamani. Ukianzia hapo utadhani ni ukali wa majaji au uroho wa mawakili. Mimi naona mzizi uko kwa Eagar na wenzake. Sheria ya New South Wales, kwa zaidi ya karne moja na nusu, haikutosheka kumwuliza mwenye gazeti kama alichokichapa ni kweli. Ilimwuliza pia: ulikuwa na haja gani ya kukisema? Swali hilo la pili lilikua katika koloni ambako karibu kila nyumba ilikuwa na jambo lisilotajwa mezani, nalo likavishwa maneno ya kisheria, manufaa ya umma. Kwa miaka mingi maneno hayo yalikuwa mzigo mgongoni mwa gazeti. Leo maneno ya ukoo huo huo ndiyo ngao ya gazeti. Namna yalivyovuka kutoka upande mmoja kwenda mwingine inaeleza mengi kuliko hesabu ya mamilioni.

Mwanzoni magazeti yenyewe yalikuwa mali ya serikali. *Sydney Gazette* la mwaka 1803 lilichapwa na mfungwa, George Howe, chini ya jicho la gavana. Gazeti huru la kwanza mjini humo, *The Australian*, lilianzishwa mwaka 1824 na mawakili wawili, William Charles Wentworth na Robert Wardell. Mwaka 1826 likafuata *The Monitor* la Edward Smith Hall. Mwaka huo huo likatokea jambo lililochafua hali ya hewa. Askari wawili, Joseph Sudds na Patrick Thompson, waliiba kitambaa dukani makusudi ili wahukumiwe na hivyo waachane na jeshi, kwa kuwa waliona maisha ya mfungwa koloni ni afadhali kuliko ya askari. Gavana Ralph Darling, aliyekuwa jenerali, akaamua kuwafanya funzo kwa wengine. Aliibadili adhabu yao, wakavuliwa sare mbele ya kikosi na kufungwa minyororo na makongwa ya chuma yenye miiba shingoni. Sudds, ambaye tayari alikuwa mgonjwa, alikufa siku chache baadaye. Magazeti yakapiga kelele. Darling naye akataka leseni kwa magazeti na kodi ya stempu kwa kila nakala, lakini Jaji Mkuu Francis Forbes, ambaye kwa sheria ya wakati huo alipaswa kuthibitisha kuwa kila sheria mpya ya koloni haipingani na sheria ya Uingereza, alikataa kuziidhinisha.

Mlango wa leseni ulipofungwa, gavana akapita mlango wa kashfa ya jinai. Hapo mizani ilikuwa imelalia upande mmoja tangu mwanzo. Kesi za jinai hazikuamuliwa na raia wa kawaida. Juri ilikuwa maofisa saba wa jeshi, yaani watu waliokuwa chini ya amri ya mlalamikaji mwenyewe. Isitoshe, kwa sheria ya jinai ya wakati huo ukweli haukuwa utetezi. Hall alihukumiwa mara kadhaa, na kuanzia mwaka 1829 akakaa katika gereza la Parramatta zaidi ya mwaka, akiendelea kuhariri *The Monitor* kutoka humo. Si kwamba alikuwa malaika wa magazeti. Alikuwa mkaidi mwenye kalamu isiyojua breki, na ugomvi wake mwingine mkubwa ulihusu kiti cha kanisani: Shemasi Mkuu Thomas Hobbes Scott alimzuia yeye na watoto wake kuingia kwenye kiti cha familia yake katika kanisa la St James, Hall akamchachafya gazetini, na wote wawili wakajikuta mahakamani, mmoja kwa kashfa na mwingine kwa kuingilia haki ya mwenzake. Lakini hata mtu mgomvi anaweza kuwa shahidi mzuri wa sheria mbovu. (Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa kashfa ya jinai ni silaha ya namna gani, sheria ya Kenya ilitoka kwenye shina hilo hilo la Kiingereza, na ni mwaka 2017 tu Mahakama Kuu ilipokitangaza kifungu cha kashfa ya jinai kuwa kinyume cha katiba.)

Kwa hiyo ilipofika mwaka 1847 na koloni likatunga sheria yake lenyewe ya kashfa, mtu angetarajia sheria inayofungua milango yote kwa magazeti. Aliyeisukuma barazani alikuwa Richard Windeyer, mwanasheria aliyewahi kuripoti mijadala ya Bunge la London kwa ajili ya *The Times*, mtu wa upande wa wapenda mageuzi. Na kweli sheria hiyo ilifungua mlango mmoja: mshtakiwa wa kashfa ya jinai sasa aliruhusiwa kuthibitisha kwamba alichokiandika ni kweli. Lakini hapo hapo ikabana mlango mwingine. Nchini Uingereza, katika kesi ya madai ya fidia, ukweli ulikuwa kinga kamili. Ukithibitisha kwamba jirani yako aliiba kuku miaka thelathini iliyopita, umeshinda, hata kama ulimtangaza kwa chuki tupu. New South Wales ikasema hapana. Hata katika madai, mwenye gazeti athibitishe mawili: kwamba jambo ni kweli, na kwamba lilikuwa kwa manufaa ya umma litangazwe. Windeyer hakuishi kuona matunda yake. Alifariki Desemba mwaka huo huo.

Maelezo yanayorudiwa kila mara ni kwamba kanuni hiyo ililetwa na hali ya koloni la wafungwa. Usafirishaji wa wafungwa kwenda New South Wales ulikuwa umesitishwa mwaka 1840, miaka saba tu kabla. Mwenye duka anayeheshimika, mzee wa kanisa, mama wa bwana harusi, yeyote angeweza kuwa na hati ya hukumu iliyolala katika ofisi fulani London, na gazeti lenye njaa ya habari lingeweza kuifukua bila kusema uongo hata neno moja. Maelezo hayo yanavutia, na ndiyo maana yanastahili kupigwa darubini. Wanahistoria wa sheria wamepinga kwa kuonyesha kwamba kanuni yenyewe haikubuniwa Sydney. Mwaka 1843 kamati ya Bunge la Mabwana nchini Uingereza ilikuwa imependekeza jambo la namna hiyo, na Windeyer alichukua mapendekezo yaliyokwisha kuandikwa. Sawa. Lakini pingamizi hilo linajibu swali la nani alishona nguo, wala halijibu kwa nini ilivaliwa. Pendekezo lile lile lililetwa kwenye mabaraza mawili, moja likalikubali kwa jinai tu na kuliacha kwa madai, jingine likalikubali kwa vyote. Tofauti kati ya London na Sydney haikuwa akili za watunga sheria. Ilikuwa watu waliokaa kwenye madawati ya mahakama na mabarazani mwa nyumba zao.

Ramani pia ina la kusema, ingawa si kwa sauti ya kumaliza ubishi. Queensland, iliyochomoka kutoka New South Wales mwaka 1859, iliibeba kanuni hiyo na mwaka 1889 Samuel Griffith akaiweka katika sheria iliyoandikwa kwa ustadi mkubwa. Tasmania, koloni jingine la wafungwa, ikaiga mwaka 1895. South Australia, iliyojivunia kutopokea wafungwa, ilibaki na kanuni ya Kiingereza kwamba ukweli peke yake unatosha, na Victoria ikawa upande huo pia. Lakini Western Australia, iliyopokea wafungwa hadi mwaka 1868, nayo ilibaki kwa Waingereza katika kesi za madai. Kwa hiyo historia ya minyororo si ufunguo wa kila kufuli. Jambo lisilo na shaka ni matokeo: kwa zaidi ya karne moja, ukurasa ule ule wa gazeti ulioteremshwa kwenye treni ya alfajiri ungeweza kuwa salama Melbourne na ukawa hatia Sydney. Lilipoanzishwa mwaka 1964 *The Australian* la pili, gazeti la taifa la Rupert Murdoch, wanasheria wake walikuwa wakisoma kila habari kwa miwani minane, mmoja kwa kila jimbo na kila eneo la shirikisho. Tume ya Mageuzi ya Sheria, chini ya Michael Kirby, ilipendekeza sheria moja kwa nchi nzima mwaka 1979. Majimbo yakaitazama ripoti hiyo kwa zaidi ya miaka ishirini.

Ni vizuri kuona kanuni ya manufaa ya umma ikifanya kazi njema, maana wakosoaji wake mara nyingi husahau. Mwaka 1924, mahakama ya New South Wales katika kesi dhidi ya Smith's Newspapers ilieleza mantiki ya ule msimamo wa Kiingereza: ukisema ukweli kuhusu mtu, hujashusha sifa yake chini ya mahali pake, umeirudisha tu mahali inapostahili. Ni hoja safi, na ina kasoro moja. Inachukulia kwamba mtu ana sifa moja tu, na kwamba kila mtu mtaani ana haki ya kuipima. Mwaka 1988 kituo cha televisheni kilipotaka kutangaza madai kuhusu maisha ya faragha ya Greg Chappell, nahodha mashuhuri wa kriketi, mahakama ya Sydney ilizuia matangazo hayo. Mambo ya chumbani ya mchezaji, hata yakiwa kweli, hayakuonekana kuwa shughuli ya umma. Melbourne ingekuwa vigumu kupata amri ya namna hiyo kwa sheria ya kashfa. Kwa kuwa Australia haikuwa na sheria ya faragha, kashfa ndiyo iliyoshika zamu ya ulinzi, kama mlinzi wa getini anayeombwa pia kuangalia watoto.

Pingamizi zito zaidi liko kwingine. Linasema: achana na wafungwa na wacheza kriketi, tazama nani hasa huenda mahakamani, utakuta wakubwa. Kumbukumbu zinalipa pingamizi hili nguvu. Mwaka 1893 Richard Speight, aliyekuwa mkuu wa reli za Victoria, alimshtaki David Syme, mwenye gazeti *The Age*, akidai pauni 25,000 kwa makala zilizomlaumu kwa kuifilisi reli. Kesi ya kwanza ilikwenda miezi, juri ikashindwa kukubaliana. Ya pili ilikwisha mwaka 1894 kwa Syme kushinda karibu hoja zote, na kwa ile moja aliyoshindwa juri ilimpa Speight fidia ya robo ya peni. Syme alishinda, ila ushindi wa gharama ile ungelifunga gazeti dogo. Miaka ya 1960 mbunge wa chama cha Labor, Tom Uren, aliyashtaki magazeti ya familia za Fairfax na Packer kwa kumwonyesha kama mtu aliyetumiwa na jasusi wa Kisovieti. Kesi hizo zilifika Mahakama Kuu, ambayo ndiyo mahakama ya juu kabisa nchini humo, na hapo majaji wakakataa kuifuata London iliyokuwa imebana fidia za kuadhibu. Mwaka 1967 Baraza la Faragha la London, lililosikiliza rufaa kutoka Australia wakati huo, lenyewe likakubali kwamba Australia ilikuwa na haki ya kwenda njia yake. Husimuliwa kwamba kwa fedha alizopata Uren alijenga nyumba pwani, na kuziita kwa majina ya familia za wenye magazeti waliomlipia.

Juri nazo zilikuwa na mkono mpana. Wakili mmoja aliyeandikwa vibaya na *Sydney Morning Herald* alipewa dola 600,000. Mahakama Kuu ikaona mwaka 1993 kwamba kiasi hicho kimezidi, na kwamba ni haki kulinganisha na fidia wanayopewa watu waliokatika miguu au kupooza. Kesi ikarudishwa kusikilizwa upya. Juri mpya ikampa dola milioni 1.3. Ukiwa mhariri, hesabu ya namna hiyo inakufundisha jambo moja tu, nalo ni kukata aya kabla hata ya kuuliza ina makosa gani.

Naikubali sehemu kubwa ya pingamizi hili, lakini halielekei mahali linapodhani linaelekea. Kilichowapa wakubwa nguvu si swali la haja ya kusema. Ni mzigo wa kuthibitisha, ambao tangu enzi za Kiingereza umekaa kwa mchapishaji: mdai haambiwi athibitishe kwamba habari ni ya uongo, sheria inamdhania msafi, na gazeti ndilo linalohangaika kutafuta mashahidi. Victoria, iliyotaka ukweli peke yake, haikumwokoa Syme na gharama. Na mfano unaonishika zaidi haumhusu tajiri wala waziri, bali mgahawa. Septemba 2003 mchambuzi wa vyakula wa *Sydney Morning Herald*, Matthew Evans, aliandika kuhusu mgahawa mpya wa Coco Roco kando ya maji ya Sydney. Aliupa alama 9 kati ya 20 na kueleza sahani baada ya sahani, mchuzi gani uligombana na nyama gani, kwa lugha ya mtu aliyetoka mezani akiwa na hasira. Mgahawa ulifungwa baada ya miezi michache. Wenye mgahawa wakashtaki. Kwa utaratibu wa New South Wales wa wakati huo, juri iliulizwa kwanza kama maneno yale yanakashifu, ikasema hapana. Mahakama ya Rufaa ikapindua. Mwaka 2007 Mahakama Kuu ikaunga mkono upinduzi huo: kumwambia mpishi anayeuza chakula kwamba chakula chake hakiliki ni kumgusa moja kwa moja katika kazi anayojulikana nayo, na hakuna sifa ya biashara iliyo tofauti na sifa ya mtu. Jaji aliyefuata akalipa gazeti ushindi mwaka 2009. Rufaa ikapindua tena. Fidia ilipotolewa hatimaye mwaka 2014, zaidi ya dola 600,000 ukijumlisha riba, ilikuwa imepita zaidi ya miaka kumi tangu mlo ule. Sijui kesi nyingine inayoonyesha vizuri hivyo kwamba shida ilikuwa mashine yenyewe, si tabaka la wanaoiendesha.

Kuhama kwa neno kulianza kimyakimya, kutoka mahali ambapo hakuna aliyekutazamia. Katiba ya Australia ya mwaka 1901 haina kifungu cha uhuru wa kusema. Lakini kuanzia mwaka 1992 Mahakama Kuu ilisema kwamba ikiwa wananchi ndio wanaochagua wabunge, basi lazima katiba imekusudia waweze kuzungumza juu ya siasa. Mwaka 1994, katika kesi ya mbunge Andrew Theophanous dhidi ya Herald & Weekly Times, majaji wanne dhidi ya watatu wakaipeleka hoja hiyo ndani ya sheria ya kashfa. Wengi wakadhani Australia imeamua kuifuata Marekani, ambako tangu kesi ya Sullivan mwaka 1964 kiongozi wa umma hawezi kulishinda gazeti bila kuthibitisha kwamba lilijua linasema uongo au halikujali kabisa. Haikuwa hivyo. Mwaka 1997, katika kesi ya David Lange, aliyekuwa Waziri Mkuu wa New Zealand, dhidi ya shirika la utangazaji ABC, majaji wote saba kwa sauti moja waliichora upya ramani. Gazeti linaloandika kuhusu siasa linaweza kujitetea hata likikosea, lakini mradi lilitenda kwa busara: lilikuwa na sababu za kuamini, lilichukua hatua za kuhakiki, lilimwomba aliyetajwa aseme lake. Marekani inauliza gazeti lilijua nini. Australia ikabaki kuuliza gazeti lilijiendeshaje. Ukisikiliza vizuri, hilo ni swali la mwaka 1847 limevaa koti jipya, tofauti ni kwamba sasa jibu zuri linaweza kuliokoa gazeti hata pale ukweli unapokosekana. Magazeti yalishangilia kwa muda mfupi. Mahakama za chini ziliendelea kuona kila kosa la mwandishi kama kukosa busara, na utetezi wa Lange ukawa kama mwavuli unaofunguka siku za jua tu.

Hapo ndipo yalipokuja majimbo. Mwanasheria Mkuu wa serikali ya shirikisho, Philip Ruddock, alitishia kutunga sheria ya taifa kama majimbo yasingekubaliana, yakakubaliana. Sheria zinazofanana zilianza kazi mwanzoni mwa mwaka 2006. Ukweli, ukiwa kweli kwa kiini chake, ukawa kinga kamili kila mahali, na maneno manufaa ya umma yakafutwa kwenye utetezi huo. Kampuni kubwa zilinyimwa haki ya kushtaki, fidia za kuadhibu zikaondolewa, na fidia ya maumivu ikawekewa kikomo cha dola 250,000 kinachopanda kila mwaka. Mtu angeweza kusema hadithi yangu inaishia hapa, kwamba swali la wafungwa limekufa na limezikwa.

Halikufa, na kesi zilizofuata ndizo ushahidi. Mei 2014 *Sydney Morning Herald* liliandika kwa kirefu kuhusu mfuko wa kuchangisha fedha uliomzunguka Waziri wa Fedha Joe Hockey. Mwaka uliofuata Jaji Richard White aliona makala zenyewe hazina hatia. Kilicholiangusha gazeti ni bango la kuuzia, lile karatasi linalowekwa kwenye fremu ya waya mbele ya duka, lililosema kwa maneno matatu ya Kiingereza kwamba waziri anauzwa. Bango hilo lilimpa Hockey dola 120,000, na twiti mbili za *The Age* zenye maneno hayo hayo zikampa 80,000. Hata hivyo mahakama iliamuru Fairfax, kampuni yenye magazeti hayo, imlipe asilimia 15 tu ya gharama zake za kesi. Maelfu ya maneno yaliyopimwa kwa uangalifu yalipita salama, na matatu yaliyoandikwa kuvutia mpita njia yakashikwa. Mwaka 2019 mwigizaji Geoffrey Rush alilishinda *Daily Telegraph* na kupewa takriban dola milioni 2.9, kwa kuwa hasara ya mapato haiko chini ya kile kikomo. Na kwa upande wa pili yupo Ben Roberts-Smith, askari mwenye nishani ya juu kabisa ya ushujaa, aliyewashtaki wachapishaji wa magazeti ya Fairfax kwa habari za mwaka 2018 za mauaji nchini Afghanistan. Kesi ilisikilizwa siku 110. Juni 2023 Jaji Anthony Besanko aliona kwamba tuhuma kuu zilikuwa kweli, kwa kipimo cha kesi ya madai ambacho ni chepesi kuliko cha jinai, na mwaka 2025 rufaa ikatupwa. Magazeti yalishinda kwa ukweli peke yake, kama sheria ya 2006 ilivyoahidi. Lakini ni magazeti mangapi yana uwezo wa kuununua ukweli kwa bei hiyo?

Majimbo mengi yalijibu kwa marekebisho yaliyoanza Julai 2021. Mdai sasa anatakiwa kuonyesha kwanza kwamba ameumizwa kwa uzito, na mchapishaji amepewa utetezi mpya: kwamba jambo linahusu maslahi ya umma, na kwamba aliamini, kwa sababu za msingi, kuwa kulichapa ni kwa maslahi hayo. Hatakiwi kuthibitisha kwamba ni kweli. Windeyer akifufuka leo angeshangaa kuyakuta maneno yake upande wa pili wa chumba. Yeye aliyaweka kama geti la pili ambalo hata ukweli haukuweza kulipita bila kugonga. Sasa ni mlango wa dharura kwa yule ambaye ukweli umemponyoka. Mwanzoni mlango huo ulikuwa mzito. Mwaka 2023 ABC ilijaribu kuupita dhidi ya komando wa zamani, ikashindwa, ikalipa dola 390,000. Agosti 2025 Nine, mmiliki wa sasa wa magazeti yaliyokuwa ya Fairfax, iliupita katika kesi iliyofunguliwa na daktari bingwa wa upasuaji, mara ya kwanza utetezi huo kushinda hadi hukumu.

Miezi miwili kabla ya hukumu hiyo, tarehe 10 Juni 2025, ilianza kutumika sheria nyingine. Kwa mara ya kwanza Bunge la shirikisho limempa kila mtu nchini Australia haki ya kushtaki kwa kuvamiwa faragha yake kwa kiwango kikubwa. Mambo yaliyomtia Eagar na majirani zake hofu, yale ya kweli ambayo hayana faida kwa mtu yeyote kuyafukua, yamepata hatimaye nyumba yao wenyewe nje ya sheria ya kashfa. Mahakama itapima faragha ya mtu dhidi ya maslahi ya umma, na mzigo wa kuonyesha kwamba mizani inalalia upande wa faragha uko kwa mdai. Kuna kifungu kimoja zaidi: waandishi wa habari, wanapokusanya na kuandaa kazi yao ya uandishi, sheria hiyo haiwahusu.